Rahaf Hakupanda Mashua

Kila Jumatatu asubuhi Babu Harm alinyoa ndevu, akapanda baiskeli, akafuata njia ya kando ya mfereji hadi shule ya msingi. Huko aliwasomea watoto vitabu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Geertje. Geertje alipofariki, mzee akaishika yeye, ingawa shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu, akaenda kuvuna viazi.

Mwezi wa kumi wakubwa wa mji walileta kasha la vitabu vya picha kuhusu watoto wakimbizi. Wakapigwa picha ya gazeti, wakaenda zao.

"Na namna ya kuvitumia je?" Harm alimwuliza Mwalimu Femke.

"Hawakusema, Babu."

"Ndivyo walivyo. Wanakupa ng'ombe, kamba wanabaki nayo."

Watoto walikaa kwa duara. Miongoni mwao alikuwemo Rahaf, mtoto wa miaka saba kutoka Siria. Harm alisoma mpaka akafika kwenye picha ya mashua baharini. Akainua macho. Watu wa kwao husema mambo waziwazi, naye alisema.

"Rahaf, wewe haya unayajua. Hebu tusimulie mashua yenu ilikuwaje."

Vichwa vyote viligeuka. Rahaf alitazama viatu vyake. Kisha akaingia chini ya meza, akaziba masikio.

"Babu, umemtisha," alisema Joris, mtoto wa muuza maua.

Jumanne Rahaf hakuja. Jumatano pia. Alhamisi mama yake, Samar, alimfuata Harm nyumbani kwake.

"Mwanangu ameanza tena kukojoa kitandani. Anasema darasani wanamtazama kama mnyama wa maonyesho. Tena, mzee wangu, sisi hatukupanda mashua. Tulikuja kwa ndege. Jumatatu mchana nakwenda kumwombea nafasi shule nyingine."

Harm alipanda baiskeli. Alikwenda moja kwa moja maktaba, kwa Bi Tineke, aliyefanya kazi ya vitabu vya watoto miaka ishirini. Bi Tineke alimmiminia kahawa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nilitaka ajione ni mwenzetu," alisema Harm.

"Nia yako njema. Lakini siku ya maziko ya Geertje, mtu angekusimamisha mbele ya watu ueleze alivyokata roho, ungefanyaje?"

"Ningemtupia kikombe."

"Haya. Yeye hana kikombe, ndiyo maana aliingia chini ya meza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka."

"Basi vitabu hivi tuvichome?"

"La. Ni vizuri mno. Mwonyeshe mama yake kwanza, achague. Darasani zungumzeni habari za mtoto wa kitabuni, si za Rahaf. Waulize wote wanaona nini, kisha nyamaza. Akitaka kusema, atasema. Akitaka kutoka, atoke, Mwalimu awe karibu naye."

"Na wakiniuliza nisilolijua?"

"Sema hujui."

"Hilo naliweza," alisema Harm.

Jumapili alikwenda kwa Samar na vitabu viwili, akaomba radhi. Samar alifunua kurasa polepole. Kimoja alikisukuma kando.

"Hiki kina mabomu. Hapana."

Cha pili kilikuwa cha msichana anayefunga safari. Samar alimwita Rahaf, wakakitazama pamoja.

"Hiki sawa," alisema Samar. "Kesho atakuja. Lakini ile shule bado nakwenda kuiona."

Jumatatu Harm alifunua picha ya msichana na begi lake.

"Mnaona nini?"

Akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, ulimi ukamwasha, akauzuia.

"Begi halifungiki," alisema Joris. "Mimi ningechukua sungura wangu."

"Atalila begi," alisema mwenzake. Watoto wakacheka.

Ndipo sauti ndogo ikasikika. "Mkate unakaa juu."

Rahaf alisogea, akaweka kidole kwenye picha. "Hapa wameweka sufuria juu ya mkate. Utapondeka. Sufuria chini, nguo katikati, mkate juu."

"Nani kakufundisha?" aliuliza Joris.

"Bibi yangu. Anaoka mkate mkubwa kama gurudumu la baiskeli."

"Unakula mingapi?"

"Miwili."

"Mwongo wewe."

"Mmoja na nusu."

Darasa zima likacheka, na Rahaf ndiye aliyeanza. Harm hakuuliza bibi yuko wapi. Aliwatazama tu watoto hawa wa miaka saba, wakifanya walichoshindwa wakubwa na kasha lao.

Mchana Samar alikuwa langoni na barua ya kuomba nafasi shule ile nyingine mkononi. Rahaf na Joris walitoka wakibishana kama sungura anaweza kukaa juu ya mkate. Samar aliwatazama kitambo. Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

"Jumatatu ijayo mnasoma nini, mzee wangu?"

"Hiki hiki," alisema Harm. "Hawajamaliza kulifunga begi."