Mpite Kwanza, Ndipo Unywe

Majirani, sogezeni viti. Safari hii siongezi chumvi, na mnaonijua mnafahamu jinsi hilo linavyoniuma. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba jogoo wangu hawiki mpaka aletewe kifungua kinywa. Hayo tuyaache. Ya leo yana ladha yake yenyewe, na ni shubiri.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu kibandani kwa fundi baiskeli. Binti yake, kifungua mimba, ambaye sote tulimwita Mshale, alikuwa akipaka oili mnyororo wa baiskeli yake ya milimani kwa mswaki uliochakaa. Mama yake, mshonaji, amemwinamia mgongoni, anamshonea kitambaa cha namba.

"Tulia wewe, nitakuchoma sindano."

"Nichome tu, mama. Nitakwenda mbio zaidi."

Wakacheka. Fundi akatokea na bisibisi, akakifungua kishikio cha chupa kwenye baiskeli, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

"Baba Mshale, sasa mtoto ataweka wapi maji?"

"Maji ni mzigo. Atakunywa mkononi mwangu."

Niwaambie kilichokuwa kikimtafuna fundi. Ujanani alishindwa mbio kwa nusu gurudumu. Nusu tu! Basi akaitwa Nusu Gurudumu, na jina likamganda kama kiraka cha pancha. Hata watoto wa juzi wakileta baiskeli zao humwamkia, "Shikamoo, Mzee Nusu." Anaitikia marahaba huku meno yakisagana.

Alipoona bintiye ana miguu ya mbio, akabuni mazoezi yake mwenyewe. Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, alipanda pikipiki, chupa ya maji ikining'inia nyuma, akamwambia mtoto, "Nifikie, unywe." Na mtoto alimfikia. Fundi akatuambia, "Aliyekwisha kunywa hana haraka." Nasi tukatikisa vichwa: huyu bwana ana akili! Hakuna aliyejiuliza, je, jua likishapanda?

Mbio zikawekwa mchana, kwenye kilima cha machimbo ya kokoto. Vumbi lake laini kama unga. Mtu akipita unaona wingu, akitokea upande wa pili ana rangi ya tofali. Na jua! Nilikiona kivuli changu kikitambaa kwenda kujificha chini ya gari. (Haya, chumvi kidogo. Mkono uliteleza.)

Walipaswa kukizunguka kilima mara kadhaa, na sheria ilikuwa hii: maji hutolewa mahali pamoja tu, penye kamba, na mtu mmoja tu kwa kila mshindani, aliyefungwa kitambaa chekundu mkononi. Ukipokea kwa mwingine, umeondolewa. Kitambaa cha Mshale kilikuwa mkononi mwa baba yake. Mama alisimama nasi nyuma ya kamba.

Mzunguko wa kwanza binti wa mwokaji mikate alitangulia, Mshale nyuma yake. Binti wa mwokaji akapewa chupa na kaka yake, akanywa, akajimwagia kichwani, akaenda. Mshale akanyoosha mkono. Fundi akaichezesha chupa hewani, kisha akaificha mgongoni.

"Mpite kwanza, ndipo unywe!"

Watu wakaangua kicheko. "Mzee Nusu mkorofi!" akasema mmoja. "Leo anamswaga binti kama punda!" Mlicheka, msinitazame hivyo.

Mzunguko wa pili, hivyo hivyo. Uso wa Mshale ulikuwa umepauka, midomo imepasuka.

"Baba, maji."

"Yuko pale mbele tu! Mpite!"

Mama akapaza sauti. "Baba Mshale! Mpe mtoto maji!"

"Mama Mshale, usinivurugie. Hasira ndiyo petroli yake."

Mzunguko wa tatu mama hakungoja. Aliivuka kamba na chupa yake mwenyewe, akasimama katikati ya vumbi. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mshale akapunguza mwendo, akanyoosha mkono, akaitazama ile chupa, halafu akamtazama baba yake.

"Ukichukua umeondolewa!" fundi akapiga kelele. "Mwanangu, usiniangushe!"

Mtoto akaurudisha mkono kwenye usukani. Akampita mama yake.

Muuguzi wa mbio, aliyekuwa karibu nami, alikunja uso. "Mbona yule hatoki jasho?" Akaanza kuuliza nani msimamizi wake, lakini kelele zilimmeza. Mshale alikuwa amemfikia binti wa mwokaji kwenye mwinuko wa mwisho. Akampita. Akaukata utepe peke yake, na uwanja mzima ukaruka.

Lakini hakusimama. Aliendelea kukanyaga mpaka kwenye kamba, akaanguka nayo. Fundi alifika wa kwanza, chupa mkononi.

"Kunywa, bingwa wangu! Kunywa!"

"Baba, nimempita?"

"Umempita, mama, umempita! Kunywa sasa."

"Nimempita?"

Maji yakatoka pembeni mwa mdomo, yakachora mistari kwenye vumbi la shavuni. Hakumeza hata tone. Aliuliza swali lile lile mpaka akanyamaza.

Hakufa. Joto lile liliziua figo zake, na sasa damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini. Kwa kuwa mwili hauwezi tena kuyatoa maji, daktari ameagiza anywe kwa kipimo: kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni. Mama amekataa katakata kukigusa kikombe hicho. Anayepima ni fundi.

Juzi nilipita kumjulia hali. Kombe lao liko rafuni, halijawahi kutiwa kitu isipokuwa vumbi.

"Baba, nina kiu."

"Bado, mwanangu."

"Kidogo tu, baba."

"Bado."

Akatoka, akaenda kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa tayari. Jina la Nusu Gurudumu limekwisha kabisa. Siku hizi watu humwita Chupa, akishapita.

FUNZO LENYEWE

Usimtume mtoto akakuletee heshima uliyoiangusha njiani ujanani. Iliyoanguka ni yako, inama mwenyewe. Maji, chakula na upendo ni haki ya mtoto kabla ya mbio, wala si zawadi ya kushinda.

Mtasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayakumwagika. Yalikuwamo chupani, yamefunikwa vizuri, na sote tuliyaona. Na ile kamba iliyotuzuia ilikuwa ya katani tu, ya kukatwa kwa kisu cha kumenyea machungwa. Siku nyingine mkiona mtoto anaomba maji mchana kweupe, msiulize nani kafungwa kitambaa. Mpeni.