Lenzi Fupi Haikumpunguza

Jua lilikuwa linazama Kabati, mwaka wa sabini na tisa, Kalunde alipomwomba kaka yake ampige picha. Alikuwa ameugua miezi mitatu na madaktari hawakuona kitu. Alitaka wanawe wabaki na sura yake.

Kaka huyo, Nzuki, mpiga picha wa pale sokoni, alimketisha nyuma ya studio, kilima kikionekana mbali mgongoni mwake. Akafunga lenzi ndefu kwenye kamera, akarudi nyuma hatua ishirini, akabonyeza.

Alipokuwa akisafisha picha chini ya taa nyekundu, aliinamia karatasi. Nyuma ya Kalunde alisimama mwanamke mwenye shuka jeusi. Karibu kabisa na bega.

Chumba kilinuka dawa… na udongo mbichi.

Nzuki alijituliza. Lenzi ndefu huvuta vya mbali, hubandika kilima mgongoni mwa mtu. Huyo alikuwa mchunga mbuzi tu, kule juu. Alimweleza dada yake hivyo, akamwahidi kwamba kesho angetumia lenzi fupi na kumsogelea. Uso ungebaki ukubwa uleule, lakini vya nyuma vingerudi mbali, mtu wa kilimani awe kama siafu.

Kesho yake, saa ileile, alichungulia kilimani vizuri kabla ya kubonyeza. Hapakuwa na mtu.

Akaingia gizani, akaitumbukiza karatasi kwenye dawa. Kalunde akatokea. Kilima kikatokea, kidogo kama kichuguu, vile alivyosema.

Mwanamke hakupungua.

Mkono wake ulikuwa shingoni mwa Kalunde.

Mlango uligongwa taratibu.

"Amekuwa mdogo?" Kalunde alinong'ona kutoka nje.

"Mdogo sana," Nzuki akasema. "Hata haonekani."

Kalunde alimshukuru Mungu, akaenda kulala. Hakuamka.

Watu wa kanisa walipomaliza kumzika na kuondoka, Nzuki alimpelekea mama yao, Syombua, zile picha mbili. Siri ilikuwa imemlemea. Mama aliitazama ya pili muda mrefu. Hakulia.

"Huyu ni Mutindi," alisema. "Mke mwenza wangu. Alikufa bila mtoto, kabla hujazaliwa. Aliapa kwamba nami sitazeeka na wangu."

Nzuki aliuliza kama hakuna dawa. Mama alimweleza kwamba waganga waliitwa, wachungaji pia, na bado alizika wachanga watano.

"Umebaki wewe," akasema. "Usikubali kupigwa picha, mwanangu. Sitaki kuona amefika wapi."