Hatua Elfu Kumi na Moja

Trrr. Trrr. Trrr.

Inspekta alifungua jicho moja. Nje giza lilikuwa bado totoro. Juu ya kisahani cha bati, kando ya kitanda, saa yake ya mkononi ilikuwa ikitetemeka na kuzunguka kama mende aliyelala chali. Kioo chake kiliandika: *Amka! Siku njema huanza na hatua.*

"Hatua ya kwanza ni kukutupa dirishani," Inspekta aliiambia.

Hakuitupa. Ilikuwa saa janja ya bei nafuu, lakini bintiye aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Kwa hiyo Inspekta aliivaa, akavumilia. Alipokuwa akipiga pasi sare, ikatetemeka tena: *Hongera! Hatua mia nne!*

"Nimesimama hapa hapa, mwongo wewe!"

Asubuhi hiyo mwanamume mmoja mwenye tai alikuja kituoni, simu mkononi.

"Nataka kuripoti wizi. Mama yangu ameibiwa saa."

"Ya dhahabu?"

"Saa janja. Ile ya kawaida."

Inspekta alitazama dari. Mezani kwake palikuwa na faili kumi na tisa.

"Na mwizi tunamjua," mwanamume aliongeza. "Anaishi mle mle ndani. Nataka akamatwe leo."

Hilo la kukamata mtu kabla ya uchunguzi ndilo lililomwinua Inspekta kitini.

Nyumba ilikuwa ndogo na safi. Sebuleni, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani ya miguu, na mbele yake alikaa bibi mwembamba, mkongojo umeegemea goti. Mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani. Mlangoni alisimama mama wa makamo, mikono yake ina povu la sabuni. Huyo naye walimwita Yaya, kwa sababu ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba hiyo, akiwemo huyu mwenye tai.

Yaya alifuta mikono, akamletea Inspekta kiti, akaweka na mto mgongoni. Mtuhumiwa anamwekea mpelelezi mto! Inspekta alizidi kukerwa na kesi hii.

"Saa ilionekana mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi," alisema mwana. "Jumapili simu ikaniambia mama hana hatua hata moja. Nikapiga, akasema saa haioni. Nikaja mbio."

"Wewe, mama. Uliichukua?"

"Hapana, afande," alisema Yaya.

"Unajua iliko?"

Yaya alitazama sakafu. "Siwezi kusema, afande."

"Umeona!" mwana alifoka. "Afande, hii saa haina laini yake. Inazungumza na simu ya mama tu, ile iliyo chumbani, ndipo habari zinanifikia. Jana mchana imezungumza. Basi haijatoka humu ndani. Mama hawezi kupanda hata ngazi ya mlangoni. Nani mwingine? Chukua nguo zako, Yaya, uende na afande."

Yaya alianza kufungua aproni, polepole, vidole vikikosea fundo. Bi Cherehani alishika mkongojo kwa mikono miwili.

"Subiri," alisema Inspekta. "Nipe hiyo simu."

Mwana alimwonyesha kumbukumbu za saa. Kila siku, kwa miezi mitatu, hatua elfu kumi na moja.

"Mama yako anatembea hatua elfu kumi na moja?"

"Ndiyo! Zamani alikuwa mvivu, nilikuwa nampigia kila siku kumsihi. Sasa yuko fiti kabisa."

"Umesema hawezi kupanda ngazi."

Mwana aliutazama mkongojo wa mama yake.

"Na zote ni kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi," Inspekta aliendelea. "Haya, mapigo ya moyo yako wapi?"

"Yapo hapo chini."

"Hayapo. Mstari mtupu. Mtu anatembea saa tatu nzima bila moyo?"

Inspekta alikumbuka pasi yake ya alfajiri. Akapiga magoti mbele ya cherehani. Kwenye kanyagio la chuma, rangi ilikuwa imekwanguka mahali pamoja, upana wa mkanda wa saa. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa hapo.

Akataka kuuliza. Kabla hajauliza, kopo la vifungo lililokuwa juu ya cherehani lilianza kutetemeka.

Trrr. Trrr. Trrr.

Inspekta aliijua sauti ile kama anavyojua kukohoa kwa mumewe. Alifunua kopo. Katikati ya vifungo, saa ilikuwa ikiwaka: *Umekaa sana! Simama!*

"Ni mimi," alisema Bi Cherehani. "Mwacheni mtoto wa watu. Ni mimi."

"Mama!"

"Nyamaza, nawe. Zamani mlikuja kila Jumamosi kuniangalia. Mkanivalisha hilo dude, mkawa mnaniangalia kwenye simu. Mama hujatembea. Mama umelala vibaya. Magoti yangu hayataki, lakini nani anasikiliza? Nikalifunga kwenye kanyagio. Nilishona, nalo likatembea."

"Ndizo hatua hizo?" aliuliza Inspekta.

"Ndizo. Basi wakafurahi! Mama mzima! Mama fiti! Miezi mitatu sijamwona hata mmoja wao. Na kupiga simu wakaacha. Nikasema, hili likipotea, mmoja atakuja." Alimtazama mwanawe. "Ukaja. Umekuja na polisi."

"Na Yaya?" aliuliza Inspekta.

"Nilidhani utasema imepotea tu," Bi Cherehani alimwambia mwanawe. "Sikujua ungemtaja aliyekubeba mgongoni."

Inspekta alimgeukia Yaya. "Ulijua?"

"Mimi ndiye ninayefagia chini ya cherehani, afande."

"Ungekubali kulala mahabusu?"

"Ningemwaibishaje mbele ya mwanawe?"

Mwana alikaa chini, sakafuni, na tai yake ile ile. Kisha aliinuka, akashika ile aproni, akamfungia Yaya kiunoni kwa fundo baya sana. "Nisamehe, Yaya," alisema. Yaya alimpiga kofi dogo begani. Hakulifungua lile fundo.

Inspekta aliandika: *Mali imepatikana. Hakuna mshtakiwa.* Asubuhi nzima imekwenda, na faili kumi na tisa zinamsubiri. Saa yake mwenyewe ikamwambia apumue kwa utulivu. Aliivua, akaitia mfukoni.

"Njoo hapa," aliita Bi Cherehani. "Kifungo chako kinaning'inia."

Alikishona pale pale, sare ikiwa mwilini, akakata uzi kwa meno. Kisha akakishika kifungo cha pili, kilichokuwa imara kabisa, akakitikisa.

"Na hiki nacho kimelegea," alisema. "Uje Jumamosi, mwanangu, nikikaze."