Fundi Aliyepiga Simu

Hilali Seif alikuwa fundi saa wa mtaa wa Gongoni, mjini Tabora. Alikuwa na miaka sitini na minne. Kila asubuhi alitoa meza yake ndogo barazani, akabana lenzi kwenye jicho lake la kulia, akaanza kufungua saa za watu.

Hilali alipenda kujua. Redio ikikoroma, aliifungua. Pasi ikigoma kupata moto, aliifungua. Mwanawe Bader alipomletea simu ya kupapasa kutoka Mwanza, mkewe Shifaa aliificha siku tatu.

"Hii ina dhamana, Baba Bader," Shifaa alimwambia. "Ukiifungua tu, dhamana imekwisha."

"Siifungui, mke wangu. Nataka kuchungulia."

"Nakujua mimi unavyochungulia!"

Mwezi huo wa kumi joto lilikuwa kali, na pampu ya kisima cha mtaa ilikuwa imeungua. Kaya ishirini na moja zilikosa maji. Watu walibeba ndoo kutoka mbali, na wengine walinunua maji ya mikokoteni kwa bei ya kuumiza. Mwishowe walichanga fedha za pampu mpya. Mchango wote uliwekwa kwenye simu ya Hilali, kwa kuwa kila mtu alimwamini. Alhamisi yeye na Masolwa, mwenyekiti wa kamati ya kisima, wangekwenda kuinunua.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, simu ya Hilali iliita. Namba ilikuwa ngeni.

"Shikamoo, Mzee Hilali Seif," ilisema sauti ya kijana.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Injinia Limbu. Niko makao makuu ya mtandao wako, kitengo cha ufundi. Mzee, mitambo yetu inaonyesha simu yako imeingiliwa na virusi. Leo saa sita laini itafungwa. Lakini mimi ni fundi, naweza kuitibu hapo hapo ulipo."

Hilali aliweka chini kibanio chake. Jina lake lilikuwa limetajwa sawasawa, la kwake na la baba yake. Tena mtu mwenyewe ni fundi mwenzake.

"Virusi hao wanaingilia wapi?" aliuliza.

"Swali zuri sana, mzee! Wanaingia kwa njia ya mtandao. Hebu gusa mgongo wa simu yako. Si ina joto?"

Hilali aligusa. Kweli, simu ilikuwa ya moto.

"Ina joto!"

"Hao ndio wenyewe. Wanafanya kazi ndani."

Hilali akasisimka. Alisogeza kiti, akawasha spika ya simu. Alitaka kuona jinsi mtu anavyotengeneza kitu bila kukishika. Kijana alimtumia ujumbe wenye maandishi ya buluu, akamwambia ayabonyeze. Hilali akabonyeza. Programu ikaingia kwenye simu. Kwenye kioo zikatokea tarakimu tisa. Kijana akamwomba amsomee. Hilali akavaa miwani, akazisoma moja moja.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Simu ilianza kujiendesha yenyewe. Picha zilifunguka na kufungwa. Orodha ya majina ikapanda na kushuka. Na Hilali hakuwa ameweka hata kidole.

"Mama Bader!" aliita. "Njoo uone! Mtu yuko Dar, na simu inacheza huku Gongoni!"

Shifaa alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Aliangalia kioo kwa muda.

"Ni nani huyo?"

"Fundi wa mtandao."

"Ulimwita wewe?"

"Hapana. Kapiga mwenyewe."

"Sasa kama anaweza kuigusa simu yako toka huko aliko," Shifaa aliuliza taratibu, "si anaweza kugusa na kila kilichomo?"

Kijana alisikia. Akasema haraka, "Mzee, kazi hii ni ya siri. Usimshirikishe mtu mwingine, na usikate simu. Sasa kitakuja kisanduku cha namba ya siri. Usinitajie hiyo namba! Namba ya siri ni siri yako. Ingiza mwenyewe."

Maneno hayo yalimtuliza Hilali. Alikuwa amesikia redioni mara nyingi kwamba mtu asitaje namba yake ya siri. Kijana huyu hakutaka kutajiwa. Basi ni mkweli. Hilali akaingiza tarakimu zake nne.

"Asante sana, mzee. Sasa igeuze simu, kioo kiangalie chini. Usikitazame kwa dakika kumi."

"Kwa nini?"

"Mwanga unawachochea virusi."

Hilali aliigeuza simu juu ya meza. Alikaa hivyo kidogo, akitazama saa ya mteja iliyokuwa wazi mbele yake. Roho yake ikakataa.

"Kijana," alisema, "nimefanya kazi ya ufundi miaka arobaini. Watu wameketi hapa, wamenitumbulia macho tangu nafungua saa hadi nafunga. Sijawahi kumwambia mwenye mali asitazame."

"Mzee, usiguse! Laini itafungwa!"

Hilali aliigeuza. Juu ya kioo palikuwa na ujumbe: ametuma shilingi laki moja na nusu kwa mtu asiyemjua. Chini yake, kidole kisichoonekana kilikuwa kinaandika namba nyingine ya kutumiwa fedha.

Shifaa hakungoja. Aliinyakua simu kwa mikono yake ya unga, akavuka barabara mbio hadi kwenye kibanda cha Getruda.

Getruda alikuwa fundi simu, mwenyeji wa Igunga, mwenye kibanda chake Gongoni kwa miaka sita. Alipoona kioo kinavyocheza, hakuuliza kitu. Alitelezesha kidole kwenye kioo kutoka juu, akabonyeza alama ya ndege. Simu ikatulia. Sauti ya kijana ikakatika.

"Nimeifungia mtandao," alisema. "Sasa hivi hafiki. Mzee yuko wapi?"

Hilali alikuwa amesimama mlangoni, lenzi ingali jichoni.

"Fedha za pampu," alisema. "Getruda, ni fedha za watu."

"Kaa, baba. Kwanza tuzifunge zilizobaki."

Getruda alichukua simu yake mwenyewe, yenye laini ya mtandao ule ule, akapiga 100, namba ya huduma kwa wateja, akampa Hilali azungumze. Mama aliyepokea alimuuliza jina, namba ya laini na maswali mengine machache ya kumtambua. Kisha akasema ameifunga akaunti, hakuna kitakachotoka tena. Zile laki moja na nusu zilikuwa zimekwishatolewa kwa wakala. Alimshauri Hilali aende na ujumbe ule kituo cha polisi.

"Mbona hujaniuliza namba yangu ya siri?" Hilali aliuliza.

"Siihitaji, baba. Hakuna mfanyakazi wetu anayeihitaji."

Simu ikakatwa. Getruda alitafuta ile programu kwenye simu ya Hilali, akaifuta. Hilali alisogea, akainama kutazama huku akimsimulia yote yaliyotokea. Hata katika huzuni ile, hakuweza kujizuia.

"Niambie, mwanangu. Alinijuaje jina?"

Getruda alitabasamu. "Ukitaka kumtumia mtu fedha, ukiandika namba yake, si jina linatokea kabla hujathibitisha?"

"Linatokea."

"Basi na yeye aliandika yako. Akaona jina, akaghairi. Kujua jina lako si ushahidi kwamba ametoka kwenye kampuni."

"Na joto? Simu ilikuwa na joto kweli."

"Shika yangu hii tuliyomaliza kupigia."

Hilali akaishika. Ilikuwa ya moto.

"Simu yoyote ukiizungumzia inapata joto," Getruda alisema. "Na jua hili la mwezi wa kumi, tena umeiweka barazani! Alikwambia uangalie kitu ambacho alijua lazima utakiona. Ndiyo kazi yao. Wanakupa ushahidi wa ugonjwa ambao haupo."

Shifaa alikuwa anajipangusa unga. "Lakini alisema namba ya siri asitajiwe. Hapo ndipo hata mimi nilipokaribia kumwamini."

"Huyo ni mjanja kuliko wengi, mama. Hakuwa na haja ya kutajiwa. Ile programu si mbaya yenyewe. Hata mafundi wa kweli huitumia kumsaidia mtu aliye mbali. Lakini inampa mwenzako macho na vidole ndani ya simu yako. Zile tarakimu tisa zilikuwa ufunguo wa mlango. Akaingia, akaandaa kutuma fedha, kikaja kisanduku cha namba ya siri. Mzee alipoiingiza, alithibitisha zitumwe. Na yeye akaiona."

"Ndiyo maana akataka nigeuze kioo," Hilali alisema polepole. "Nisione anazituma tena."

"Ndiyo maana."

"Sasa siku nyingine nitamjuaje? Sauti yake ilikuwa nzuri. Alinipa shikamoo."

Getruda alifikiri kidogo. "Usihangaike na sauti, baba. Jiulize alichouliza Mama Bader: nilimwita mimi? Kampuni haikai kuchungulia virusi kwenye simu ya mtu mmoja mmoja, halafu ikampigia. Ukisikia haraka, saa sita laini inafungwa, ukisikia usimwambie mtu, kata. Usibishane naye. Kisha piga 100 mwenyewe, uulize kama kweli laini ina tatizo. Na linki ya mtu usiyemjua usiibonyeze."

Kabla hawajaondoka, Getruda alimwonyesha Hilali jinsi ya kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, mahali pa kupeleka taarifa za utapeli wa simu. Baadaye akaunti ilipofunguliwa tena, Hilali aliweka namba mpya ya siri. Na safari hii hakuiweka mwaka aliozaliwa Bader.

Lakini lilibaki jambo gumu zaidi. Alasiri ile kamati ya kisima ilikuwa inakutana.

"Usiseme leo," Shifaa alimwambia njiani. "Tutafute kwanza hizo fedha, tuzirudishe kimya kimya."

Hilali alisimama. "Yule naye aliniambia nisimwambie mtu."

Wakaendelea kutembea.

Penye kisima walikusanyika watu kama thelathini, Getruda akiwamo. Hilali aliwaeleza yote, tangu shikamoo hadi kidole kisichoonekana. Hakujitetea. Mwanamke mmoja mwenye ndoo tupu alisonya.

"Mtu mzima na akili zake!" alisema.

Hilali aliinamisha kichwa. Masolwa alitaka kusema kitu, lakini alitanguliwa na Alamin. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye maduka mawili na sauti kubwa. Leo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwezi wa nne nilipigiwa mimi," Alamin alisema. "Aliniambia kompyuta yangu ya dukani inatuma virusi nchi nzima. Nilimfungulia. Alichukua mara tano ya hizo za Hilali."

Watu waligeuka.

"Hata mke wangu hajui. Anajua sasa hivi, anaponisikia. Niliona haya. Nilisema, Alamin mzima, nitaonekanaje? Nikanyamaza. Kama ningesema mwezi wa nne, Hilali asingeibiwa leo." Akamgeukia Masolwa. "Zilizopotea nitaziweka mimi. Pampu ikanunuliwe Alhamisi kama tulivyopanga."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya dumu aliinua mkono. Aliitwa Kuluthumu. "Na mimi nilipigiwa jana," alisema. "Eti laini yangu mbovu. Bahati yangu, salio la simu liliniishia chaji, ikazimika."

"Salio haliishi chaji, bibi!" mtu alisema, na watu wakacheka. Hata yule mwenye ndoo alicheka. Kisha akasogea karibu na Getruda, akamuuliza, "Hiyo alama ya ndege iko wapi kwenye simu yangu?"

Kikao kiliendelea hadi karibu na magharibi. Getruda alizunguka kutoka simu hadi simu. Watu walijifunza kuitafuta alama ya ndege, walihifadhi 100 na 15040, na waliokuwa na namba za siri za mwaka wa kuzaliwa walizibadilisha. Kila mmoja alitaka kusimulia alivyopigiwa. Ilionekana karibu kila nyumba ilikuwa na kisa chake, na kila nyumba ilidhani iko peke yake.

Ijumaa mchana maji yalitoka kisimani.

Wiki mbili zilipita. Hilali alikuwa barazani anafungua saa ya Masolwa, na Masolwa ameketi mbele yake anatazama. Simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo mzee. Kitengo cha ufundi hapa. Simu yako ina hitilafu."

Masolwa alikunja uso. Hilali aliishika simu, na maswali yakamjaa kichwani. Hitilafu gani safari hii? Wamebadilisha uongo, au ni ule ule? Wako wangapi huko? Nani anawafundisha? Alikuwa na hamu ya kuwauliza mambo kumi.

Hakuuliza hata moja. Alikata. Akapiga 100, akaambiwa laini yake ni nzima, haina tatizo lolote. Akatuma ile namba ngeni kwenda 15040.

Kisha alivua lenzi, akasimama.

"Ningoje kidogo, Masolwa," alisema. "Kuna kitu nataka kukijua." Akavuka barabara, maswali yake yote kumi kichwani, kwenda kumuuliza Getruda.