Fagio la Injinia

Kila alasiri akirudi kutoka shule, Injinia alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akakimbilia kompyuta hata kabla ya kubadilisha sare. Jina hilo alipewa na mama yake, nusu kwa sifa na nusu kwa utani, maana tangu akiwa mdogo hakuna kitu chenye waya kilichopona mikononi mwake. Redio ya nyumbani ilikwisha kwa ajili yake, Mungu airehemu.

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya sebule, na sebule ndiyo ilikuwa karakana ya mama. Kando yake palikuwa na mashine ya kudarizi. Mama alichagua mchoro kwenye kompyuta, mchoro ukapita kwenye waya mpaka kwenye mashine, na sindano ikaanza kuuchora kwa uzi. Kwa miaka mingi mama alikula jasho la kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu. Sasa shule moja ilimpa sweta za wanafunzi wake wote azitie nembo. Sweta zilijaa kochi zima, mgeni akija anasimama.

"Hizi zikikamilika Ijumaa, kazi ya shule hii ni yetu kila mwaka," mama alisema. "Zisipokamilika, narudi kwenye zipu zangu."

Injinia alitaka kusaidia kwa namna yake. Aliweka kwenye kompyuta programu ya kusafisha. Programu hiyo ilikagua sajili, yaani mahali ambapo kompyuta hukumbuka faili za aina gani zinafunguliwa na programu gani. Kila siku ilitoa onyo jekundu lile lile: viendelezi visivyotumika. Kiendelezi ni zile herufi chache zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, nazo huonyesha faili ni ya aina gani. Injinia alibonyeza "Safisha", onyo likatoweka. Kesho yake akirudi, analikuta palepale.

"Ala! Kwani nyinyi hamsikii?" aliifokea skrini.

"Unagombana na nani huko?" mama aliuliza huku sindano ikinguruma.

"Na takataka, Mama. Nazifagia, zinarudi."

"Basi ziache. Mimi hazinisumbui."

"Mama naye! Wewe hujui kompyuta."

"Kweli, mwanangu," mama alicheka. "Mimi najua uzi tu."

Kuuliza si ujinga, lakini mtu akishazoea kuitwa Injinia huona haya kuuliza. Jumatano mama alipotoka kwenda kununua uzi, Injinia alitazama video ya kijana mmoja aliyeongea mbiombio, kisha akaingia kwenye sajili mwenyewe. Kila alipoviona vile viendelezi, alivifuta. Karibu navyo palikuwa na kumbukumbu za programu asiyoifahamu. Akazifuta nazo, ili takataka zisipate pa kuotea. Onyo jekundu halikutokea tena. Akajipigia makofi.

Alhamisi aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameketi katikati ya sweta, akifuta machozi. Mjomba, ambaye ni fundi wa kompyuta, alikuwa amechuchumaa chini ya meza akibadilisha waya.

"Tangu asubuhi," mama alisema. "Nikichagua nembo, inaniambia faili haitambuliki. Jana ilikuwa inaitambua vizuri tu."

Injinia alikumbuka alivyofuta jana. Alijua, mara moja alijua.

"Kuna mtu aliyegusa kompyuta jana?" Mjomba aliuliza.

"Mimi nilifanya hesabu tu," Injinia alijibu.

Mjomba alimwamini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa kuwa hakuna kilichobadilishwa, alidhani diski ya kompyuta inakufa. Akaanza kunakili faili moja baada ya nyingine, akatafuta diski nyingine kwa rafiki yake, akaifunga, akaijaribu. Wapi! Faili haitambuliki. Mama alijaribu kushona nembo moja kwa mkono. Aliifanya mpaka vidole vikamuuma, na bado haikufika nusu. Injinia alikuwa akimtazama. Mara nyingi alifungua mdomo, akaufunga.

Ijumaa alipotoka shule alimkuta mama ana simu sikioni.

"Nisamehe sana, Mwalimu Mkuu. Mashine imenishinda. Ndiyo, tuma gari lizichukue. Mpe mwingine." Akaiweka simu mezani polepole, akaanza kukunja sweta.

Hapo Injinia akaangua kilio. "Mama, ni mimi! Nilifuta vitu kwenye sajili. Nilidhani ni takataka!"

Mjomba, aliyekuwa amerudi kujaribu tena, aliacha waya. Aliketi kwenye kompyuta, akatafuta nakala ya sajili ambayo kompyuta ilikuwa imejiwekea yenyewe siku ya Jumanne, akairudisha. Mama alichagua nembo. Mashine ikanguruma.

"Zile herufi ulizofuta ni za faili za nembo," Mjomba alisema kwa uchovu. "Programu ya mama yako ilikuwa inaziandika upya kila asubuhi alipoifungua. Programu yako ya kusafisha haikuijua hiyo kazi, ikasema hazitumiki. Safari hii ulifuta na kumbukumbu za programu yenyewe, ikashindwa kuziandika tena. Ungesema jana, mashine ingeamka jana. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, piga simu! Waambie imepona!"

Mama alipiga. Alisikiliza, akaitikia "sawa" mara mbili, akakata. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Muda si mrefu gari likapiga honi nje, na Injinia akasaidia kubeba sweta mpaka kochi likabaki wazi. Mjomba aliaga, akaondoka na vifaa vyake.

Mama hakufoka. Laiti angefoka! Alizima mashine ya kudarizi, akaifunika kwa shuka, kisha akatoa suruali kuukuu iliyokuwa imeharibika zipu.

"Kaa hapa," alisema. "Ulipofuta, ulikosea kwa kutojua. Hilo mtu hufundishwa, na mimi nisingekuchukia. Lakini jana ulinitazama nikilia, ukanyamaza. Hicho kimya ndicho kilichochukua sweta zile."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Kazi ndiyo haijarudi." Alimpa mkasi mdogo. "Siku nyingine, kabla hujasema kitu hakina kazi, uliza kwanza kinamfanyia nani kazi. Na ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Haya, fumua hiyo zipu. Mwenyewe anaifuata kesho."