Hesabu Si Nguo ya Alhamisi

Duka la dobi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Karibu na dirisha kulikuwa na meza ya kupigia pasi. Nyuma ya meza kulikuwa na kamba nne, kutoka ukuta hadi ukuta. Nguo za kuchukuliwa kesho zilitundikwa kamba ya mbele. Za keshokutwa, kamba ya pili. Za wiki ijayo zilikaa ndani ya mfuko, hazijaguswa hata na tone la maji.

Dobi alikuwa na sheria moja. Aliisema mara nyingi mpaka wateja wakaikariri: "Ya kwanza kuchukuliwa ndiyo ya kwanza kufuliwa." Kwa sheria hiyo hakumkosea mteja hata mmoja kwa miaka kumi na minne. Na mtu akipatia jambo moja kwa miaka kumi na minne, hudhani amepatia mambo yote. Dobi wetu naye alidhani hivyo.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu. Mtaa mzima ulimwita Pini, kwa sababu tangu mdogo kazi yake ilikuwa kufunga vikaratasi vya majina kwenye nguo kwa pini. Pini alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi.

Siku ratiba ya mtihani ilipotoka, Pini aliileta nyumbani ikiwa imekunjwa mara nne. Dobi akainyoosha kwa pasi. Kisha akaibana kwenye kamba kwa vibanio viwili, akaisoma kwa sauti. Jumatano saa tatu asubuhi, Lugha. Saa nane mchana, Sayansi. Alhamisi saa tatu asubuhi, Maarifa ya Jamii. Saa nane mchana, Hesabu.

"Tuna wiki tisa," alisema. "Lugha inachukuliwa kwanza, basi tunaifua kwanza. Wiki tatu. Sayansi wiki tatu. Maarifa wiki mbili. Hesabu itapata wiki ya mwisho."

"Wiki moja tu, Baba Pini?" mke wake aliuliza.

"Hesabu ni nguo ya Alhamisi hiyo. Muda wake utafika."

 Pini alifurahi moyoni. Hesabu ilimtisha kuliko nyoka. Kuambiwa aiache kwa wiki nane kulikuwa kama kuambiwa kwamba jino linalouma litang'olewa mwakani.

Basi wakaanza. Kila siku, akitoka shule, Pini alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi na kitabu kimoja tu. Hakuna kuruka kamba na wenzake. Hakuna kwenda kwa rafiki. Akisinzia, baba yake aligonga meza kwa mpini wa brashi. Mama alipomtetea, dobi alijibu, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi mtihani huu niliufeli. Kazi yangu naipenda, lakini sikuichagua. Huyu atachagua."

Alisema hivyo kwa uchungu. Lakini mama aliona mtoto anavyokonda. Aliona anavyouma kucha mpaka vidole vinatoka damu.

Wiki ya sita ilipokwisha, shule ikatoa mtihani wa majaribio. Pini alirudi na karatasi mkononi. Hakutaka kuitoa. Dobi akainyakua. Hesabu: tisa kati ya hamsini.

"Tisa!" alipiga kelele. Mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua mbili. "Na Lugha ishirini na moja? Lugha si tumeimaliza? Wiki tatu nzima! Imekwenda wapi?"

"Nimeisahau, baba."

"Umeisahau! Mimi nakesha... nahangaika hapa kwa ajili yako, wewe unasahau!"

Pini alikimbilia uani. Mama alimkuta amejikunyata nyuma ya mabeseni. Akakaa naye, akampangusa uso kwa ncha ya kanga. Baada ya muda Pini akauliza taratibu, "Mama, mtu akiugua siku ya pili ya mtihani, ile ya siku ya kwanza inahesabiwa?"

Mama aliacha kumpangusa. Swali hilo halikuwa la mtoto anayeogopa kuugua. Lilikuwa la mtoto aliyekwisha kupanga kuugua.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mlango wa pili kutoka kwao aliishi mwalimu mmoja, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyefundisha shule ya mtaa mwingine. Alikuwa amesimamia mitihani miaka mingi. Mama hakumngoja mumewe akubali. Alikwenda, akamweleza yote. Jumamosi asubuhi mwalimu akaingia dukani kama mtu aliyefuata blauzi zake.

"Hodi! Blauzi zangu zimekauka, Baba Pini, au bado zinaogelea?"

"Karibu, Mwalimu. Zipo kamba ya mbele."

"Shikamoo, Mwalimu," Pini alisema kutoka kwenye kigoda.

"Marahaba, mwanangu." Mwalimu akaitazama ratiba pale kwenye kamba. "Na hii nguo ya nani?"

Dobi akaeleza mpango wake. Aliueleza kwa fahari, ingawa fahari yenyewe ilikuwa imeshachakaa tangu zile alama tisa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Pini, nikwambie bila kukuficha?"

"Niambie."

"Hiyo ratiba inasema siku ya kufanya mtihani. Haisemi siku ya kusoma. Wewe umezichanganya."

"Lakini Mwalimu, ya kwanza kuchukuliwa..."

"Ndiyo ya kwanza kufuliwa. Najua. Nguo ukiikunja Jumatatu, Ijumaa utaikuta imekunjwa. Kichwa hakikai hivyo. Somo usipoligusa wiki tatu, linaanza kutoka. Ndiyo maana Lugha imepungua. Na Hesabu umeiacha wiki ya mwisho. Hiyo ni zima moto. Somo gumu linataka siku nyingi, kidogo kidogo."

Dobi akajikuna kichwa. "Kwa hiyo nimemharibia mtoto?"

"Bado. Lakini ukiendelea, utamharibia."

 Mwalimu akavuta kigoda kingine, akakaa karibu na Pini.

"Hesabu gani inakutisha?"

"Zote."

"Zote, hapana. Lete karatasi ya majaribio."

Wakaipitia swali kwa swali. Mwalimu alikuwa akiweka alama ndogo kwa penseli. Kujumlisha na kutoa, Pini alijua. Maumbo, alijua nusu. Sehemu na asilimia, hakujua kabisa. Na maswali kumi ya mwisho hakuyagusa.

"Haya uliyaacha kwa nini?"

"Muda uliisha. Nilikwama swali la sita."

"Ulikaa swali la sita kwa muda gani?"

Pini akainamisha kichwa. "Nadhani nusu saa."

"Sasa tunamjua adui na anapokaa," mwalimu alisema. "Ni sehemu, asilimia, na kukwama. Mambo matatu. Si Hesabu zote."

Siku hiyo wakaandika mpango mpya. Kila siku Pini akitoka shule atakula kwanza, apumzike kidogo. Kisha Hesabu nusu saa, kichwa kikiwa bado kina nguvu. Ainuke, anyooshe miguu, acheze. Halafu somo jingine nusu saa. Kila somo liguswe angalau mara mbili kwa wiki. Jumamosi afanye karatasi ya mtihani wa zamani kwa kuangalia saa, kama mtihani wenyewe. Akimaliza, arudie yale aliyokosa tu. Saa tatu usiku awe amelala.

"Alale saa tatu?" dobi alishtuka. "Wenzake wanasoma!"

"Mtoto asiyelala hukumbuka kidogo. Na kelele zako, Baba Pini, zinafuta hata hicho kidogo. Wewe nakupa kazi mbili: kushika saa na kufunga mdomo."

"Ya kwanza ataiweza," mama alisema.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alizungumza na wazazi peke yao. "Hofu si uvivu. Msimtukane kwa hofu yake. Na kama ataugua kweli siku hiyo, mkamwambie mwalimu mkuu mapema. Msimfiche nyumbani. Atakayekosa bila taarifa, huenda asisaidiwe."

Jumamosi ya kwanza Pini alipata kumi na nane katika Hesabu. Nyumba ikapumua. Jumamosi ya pili alipata kumi na sita. Dobi alishika karatasi, mshipa wa shingo ukamsimama. Akafungua mdomo. Mke wake akamtazama. Akaufunga, akaenda kupiga pasi suruali moja mara tatu.

"Si kitu," mwalimu alisema alipoiona. "Tazama, sehemu zote amepata. Kilichomwangusha ni muda. Pini, swali likikukatalia, weka alama pembeni, nenda mbele. Utarudi."

Jumamosi ya tatu alipata ishirini na saba.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, mama na Pini walitembea mpaka shule ya kufanyia mtihani. Wakaona lango, wakaona chumba, wakapima muda wa njiani. Jumanne jioni wakaandaa vitu vyote juu ya meza: kalamu mbili, penseli, rula, kifutio na kadi yenye namba yake. Jumatano ilipita salama. Hakuna aliyemuuliza Pini amejibu nini, kwa sababu mwalimu alikuwa amewakataza. Karatasi iliyokwisha, imekwisha.

Alhamisi alfajiri Pini hakuamka. Mama alimkuta amejikunja, mikono tumboni.

"Tumbo linauma."

Mama akamgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Akamkumbuka mtoto aliyejikunyata nyuma ya mabeseni, na swali lake. Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu.

"Mama, niache leo. Nitafanya mwakani."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Mama akaogopa mdomo wake kuliko tumbo la Pini. Lakini dobi alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilikudanganya," alisema. "Niliwadanganya wote. Mtihani sikuufeli. Hesabu ilikuwa ya mwisho, kama yako. Nilifika langoni, nikageuka. Nikakaa chini ya daraja mpaka jioni. Nyumbani nikasema nimefeli."

Mama hakuwa amewahi kuyasikia maneno hayo. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba.

"Uliogopa, baba?" Pini aliuliza.

"Niliogopa mpaka tumbo likauma. Tumbo liliuma kweli. Ndiyo maana wewe sikukatalii." Akajifuta macho kwa mkono wa shati, bila kuficha. "Nadhani ndiyo maana Hesabu niliiweka mwisho. Mimi ndiye niliyeiogopa. Ukipata sifuri leo, mwanangu, sitasema neno. Nataka uingie tu."

 Kisha Pini akainuka, akaomba maji ya kunawa uso. Alikunywa uji nusu kikombe. Mama alimwambia avute pumzi polepole mara tano, na akipewa karatasi aanze na swali analolijua. Wakatoka wote watatu. Duka lilibaki limefungwa.

Asubuhi ilipita. Mchana Pini alikula kidogo chini ya kivuli cha ukuta, akarudi ndani. Saa nane lango likafungwa. Dobi alibaki nje na mkewe, mikono mgongoni. Alitembea mpaka mwisho wa ukuta na kurudi. Alilitazama lile lango. Lilikuwa na mlango mdogo kando, wa kutokea. Mtoto angeweza kupita pale wakati wowote.

Saa kumi kengele ililia, lango likafunguliwa. Watoto wakamiminika. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanalia. Dobi alitafuta sketi ya bluu katika sketi mia za bluu. Kumi wakatoka. Hamsini wakatoka. Uwanja ukabaki na vumbi tu. Pini hayupo.

"Mama Pini," alisema. "Ametoka. Amepita mlango ule mdogo."

  Mama akamuuliza msichana mmoja aliyekuwa anafunga kiatu langoni, "Mwanangu, hukumwona Pini?"

"Yumo ndani, mama."

Pini akatokea mlango wa chumba cha mwisho, peke yake, rula mkononi. Alikuja polepole. Kidole cha shahada kilikuwa na wino mpaka kwenye kiungo.

"Mbona umechelewa?" mama alimuuliza, huku amemshika mabega yote mawili. "Wenzako wote wametoka!"

"Wengine walimaliza mapema wakalala juu ya meza. Mimi nilikuwa nakagua mpaka kengele ikalia. Msimamizi akaanza kukusanya mbele, mimi nilikaa nyuma." Akamtazama baba yake. "Nimekuta makosa mawili, nikayasahihisha."

Matokeo yalitoka baada ya wiki saba. Yalibandikwa kwenye ukuta wa shule, na dobi alifuata mstari kwa kidole ili asipotee. Hesabu, thelathini na mbili. Amefaulu masomo yote. Amepata nafasi ya sekondari. Dobi alisoma mstari huo mara tatu. Kisha akakaa kwenye ngazi za darasa, akalia kwa sauti mbele za watu. Pini akakaa kando yake, akamsubiri amalize.