Pembe Isiyopakwa Rangi

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Nesta aliamka, akachemsha maharage ya kuwauzia madereva wa malori, akamtuma binti yake Erica maji, akamfokea kwa kuchelewa. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka Tunduma na kila mtu alikuwa ndani ya sweta. Ndipo akakumbuka kwamba mchana kuna wageni wa kuja kutazama picha za mdogo wake.

Mdogo wake, Amoni, alikuwa mchoraji wa barabarani. Alichora kwenye maturubai makuukuu aliyopewa na madereva, akayatundika kwenye uzio wa maegesho, na foleni ya kuvuka kwenda Zambia ilipokwama, watu walishuka kuyatazama. Aliwachora watu wa hapo hapo: wapagazi, wabadilisha fedha, Tabu mchoma mahindi, hata Erica akiwa na ndoo kichwani. Sasa Violet, binti wa tajiri mmoja wa nafaka, alikuwa amerudi kutoka masomoni na kuligeuza ghala la marehemu baba yake kuwa jumba la maonyesho ya sanaa. Kuta nyeupe, taa za kumulika, kila kitu kipya. Picha za kwanza alizozitaka zilikuwa za Amoni.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Isongole kumzika mjomba wao, na maturubai aliyaacha kwa dada yake. "Wewe yapeleke tu," alimwambia. "Usiyaguse."

Kila picha, chini upande wa kushoto, ilikuwa na pembe tupu ya upana wa kiganja, isiyopakwa rangi. Amoni aliirithi tabia hiyo kwa bibi yao wa Ruanda, kule Mbozi, aliyekuwa msusi wa nyungo. Bibi hakuwahi kufunga pindo la ungo hadi mwisho. Sehemu ndogo aliiacha wazi. Ukimtengenezea mtu kitu ukakifunga pande zote, alisema, umemfungia na yeye. Nesta aliyasikia hayo tangu utotoni na hakuyabeba. Alikuwa na watoto, jiko na miguu inayouma. Kwake kazi ilikuwa imeisha au haijaisha, basi.

Asubuhi ile, picha zilipokwisha kutundikwa, Violet alikwenda kupokea viti na kuufunga mlango nyuma yake. Nesta akabaki peke yake akizitazama zile pembe. Watu watatoka Mbeya, aliwaza, watasema mdogo wangu aliishiwa rangi. Kopo la rangi ya kahawia lilikuwa kwenye mfuko wa vifaa vya Amoni. Akalifungua. Akapaka pembe ya Tabu. Akapaka ya Erica. Rangi ikaisha, nyingine zikabaki kama zilivyokuwa.

Alipokuwa akimalizia, turubai lilivutwa ndani kidogo, likarudi. Upepo, akajiambia. Madirisha yalikuwa hayajafunguliwa.

Mchana watu walijaa. Tabu alikuja na mumewe Abdul, kavaa mtandio mpya, akasimama mbele ya picha yake mikono kiunoni.

"Mama Erica, huyu mdogo wako kaninenepesha makusudi."

"Kakupunguza, shoga. Nenda kajitazame kwenye kioo."

"Haya. Leo mnanitundika ukutani kama bibi harusi, kesho mtataka mahindi ya bure."

Walicheka. Kisha Tabu akalegeza mtandio. Akajipepea. Wageni walikuwa wamejikunyata kwa baridi, madirisha sasa yote wazi, na yeye jasho lilikuwa likimtiririka mpaka shingoni.

"Mbona humu hamna hewa?" alisema. Akatoka nje kukaa karibu na bomba. Abdul alikuwa kona ya mbali akiongea na wenzake, hakumwona akitoka.

Simu ya Nesta ikaita. Alikuwa Amoni, ndani ya gari.

"Dada, nipo Mpemba, nakaribia. Pembe ziko wazi?"

Violet alikuwa amesimama kando akimsifia Amoni kwa wageni. Nesta akajibu upesi, kama mtu anayejibu kwamba ameshakula.

"Ziko wazi."

"Sawa," alisema Amoni. "Maana nimekuwa nikikosa raha tangu asubuhi."

Nesta alikata simu. Mkono ukamshika kanga.

"Mama." Alikuwa Erica. Alinong'ona kwa shida. "Mama, kuna kitu kimenifunika."

Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Alikuwa ameinua viganja mbele yake, akisukuma. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Nesta akageuka kuitazama picha. Asubuhi ndoo ilikuwa kichwani. Sasa ilikuwa chini, na msichana wa kwenye turubai naye alikuwa ameinua viganja.

Hakufikiri. Alichukua kisu kwenye meza ya keki. Akapiga magoti. Akakwangua. Rangi ya asubuhi ileile ilikuwa imekauka kama ya miaka. Akakwangua tena. Ganda likabanduka. Turubai tupu likaonekana.

Nyuma yake Erica alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akaanza kulia.

"Dada Nesta," sauti ya Violet, taratibu. "Unafanya nini?"

Watu walikuwa wamegeuka. Wote.

"Ilichafuka," alisema. "Nasafisha tu."

Akakificha kisu kwenye mkunjo wa kanga. Picha ya Tabu ilikuwa ukuta wa pili. Ilimpasa avuke ukumbi ule, mbele ya macho yale, aikwangue na hiyo, halafu aeleze. Tabu ni mtu mzima, akajiambia. Ana presha. Yuko nje, anapata hewa. Watakapogeuka, nitakwenda.

Hawakugeuka. Violet alianza hotuba, na alisimama palepale, kati ya Nesta na ule ukuta. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilipokwisha wageni walipiga makofi, na Nesta naye akapiga. Alikuwa akipiga makofi alipoinua macho na kuona kwamba Tabu wa kwenye picha amefumbua mdomo.

Mwanamke mmoja aliingia, akamsogelea Abdul, akamwambia kwa sauti ndogo: "Njoo pale bombani. Mkeo haitiki."

Hospitali walisema moyo. Hakuna aliyebisha.

Amoni alifika wakati wanampakia Tabu kwenye gari. Aliingia ndani na vumbi lake la safari. Akapitisha kidole kwenye pembe iliyokwanguliwa. Akaenda ukuta wa pili, akapitisha kidole pale pia.

"Ulianza na mwanao," alisema.

"Ni mwanangu, Amoni."

"Sijakulaumu kwa hilo. Nakuuliza kisu kilikuwa wapi baada ya hapo."

Nesta alikaza mkunjo wa kanga. Amoni alivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wiki hiyohiyo, na wanaomwona huko wanasema anabeba mizigo. Brashi hashiki.

Baada ya arobaini, Violet, kwa heshima, alimpa Abdul ile picha. Aliitundika sebuleni ili watoto wamwone mama yao. Siku moja Nesta aliwapelekea unga, na ndani ya kikapu aliweka kisu. Watoto walikuwa wamekaa chini ya picha wakila. Aliitazama pembe ile ya kahawia. Siku ile angeifungua, angetoka mtu aliye hai. Sasa akiifungua, kitatoka nini? Akauacha unga, akaondoka.

Juzi Abdul alimpitia jikoni, akasimama akisubiri madereva wamalize kula na kuondoka.

"Mama Erica, wewe ni dada wa fundi, ngoja nikuulize. Ile picha hutoa maji pale mdomoni. Watoto wanayafuta asubuhi, jioni yamerudi."

Nesta aliendelea kukoroga sufuria. "Ni turubai, shemeji. Kwa baridi hii ya huku, hata bati linatoa maji."

"Ndivyo nilivyowaambia watoto." Abdul aliutazama mkono wake, akaupangusa kwenye kanzu polepole. "Ila maji ya bati ni ya baridi. Haya ni ya vuguvugu."